Atakayejibu Sharti Asome

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na tumezoea kuufahamu msemo huu kwa mgeni wa nyumbani, ambaye kwa ajili yake hata mwenyeji mwenye dhiki hupata kula vizuri siku hiyo. Lakini pwani ya mashariki ya Unguja imepokea pia wageni wa namna nyengine. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, watafiti wamekuwa wakifika na madaftari yao, wakiwauliza kina mama juu ya bei wanayolipwa, juu ya maumivu ya mgongo na macho, na juu ya mwani unaokufa maji yanapopata joto. Kina mama wakaacha kamba na vigingi, wakakaa mchangani, wakasema walichokijua.

Tumfikirie basi binti wa mmoja wao, ambaye leo anasoma chuo kikuu. Ametakiwa aandike juu ya mwani. Anatafuta katika mtandao, na mara anaiona makala inayokitaja kijiji chake. Anaona anwani yake, majina ya waandishi, na ikisiri ya mistari michache. Akitaka kuisoma yote, anaambiwa alipe dola 30 au 40, au aingie kwa idhini ya maktaba iliyolilipia jarida hilo. Maneno ya mama yake yamo humo ndani, naye mtoto yuko nje ya mlango.

Je, amedhulumiwa? Au amekosa tu kitu ambacho hana uwezo wa kukinunua, kama anavyokosa mkufu wa dhahabu dukani?

Wapenzi wa ushairi, nadhani, wanalo jibu lililo karibu. Katika majibizano ya washairi wetu kuna kanuni ambayo haikuandikwa popote, lakini kila malenga anaijua: hujibu shairi usilolisikia lote. Huenda ubeti wa kwanza ukasifu kile ambacho ubeti wa mwisho utakilaani. Anayejibu baada ya kusikia kiitikio peke yake hujifedhehesha, na anayelificha shairi lake kisha akamlaumu mwenzake kwa kutojibu humdhulumu. Elimu nayo ni majibizano. Mtafiti anasema kwamba wanawake wa mwani wamenufaika kwa kipato chao. Mwengine anasema wamechakaa viungo kwa ujira mdogo. Mwenye haki ya kwanza ya kuwajibu wote wawili ni yule waliyemzungumzia. Asipoweza kusoma alivyosemwa, hawezi kusahihisha, hawezi kukanusha, hawezi hata kushukuru. Mkufu wa dhahabu haukusemi kitu, ukaukosa ukabaki ulivyo. Makala iliyokusema na ukanyimwa hukuacha bubu katika habari zako mwenyewe. Hapo ndipo ninapoiona dhuluma.

Dhuluma hiyo huzaa nyengine. Mwanafunzi aliyekosa makala huvutwa na kishawishi cha kuitaja kana kwamba ameisoma, hali ameona ikisiri tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ikisiri haimwambii ni watu wangapi waliohojiwa, nani aliyewachagua, na swali waliulizwa kwa lugha gani. Basi hitilafu inanukuliwa, anayekuja nyuma yake anainukuu nukuu, na baada ya miaka kumi inageuka kuwa jambo ambalo ‘kila mtu analijua’.

Atakuja mwenye kupinga, naye ana hoja. Jarida halijichapishi lenyewe. Lina mhariri, lina mpanga kurasa, lina mitambo ya kutunza yaliyochapishwa, na hayo yote ni gharama. Hilo ni kweli, ingawa ni kweli pia kwamba mwandishi wa makala ya kitaaluma kwa kawaida halipwi, na wataalamu wanaoipima kabla haijachapwa aghalabu hufanya kazi hiyo bure. Hata hivyo, swali la gharama si geni kwetu, na wazee walilijibu zamani. Nenda Mji Mkongwe ukatazame nyumba za wakfu. Msikiti unahitaji mafuta ya taa, maji na mikeka, lakini hakuna aliyesimamishwa mlangoni kumtoza anayeingia kusali. Mtu alitenga nyumba au shamba la minazi, na pato lake likabeba gharama. Vitabu navyo viliwekwa wakfu: havikuuzwa, havikutolewa zawadi, havikurithiwa, bali vilibaki kwa kila mwenye kutaka kusoma. Gharama ilikuwapo, ila ilibebwa mahali pengine, mbali na mlango wa msomaji.

Na yako majarida yanayokwenda kwa mwendo huo leo. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake hapa Unguja, ilianza kuchapisha jarida lake mwaka 2002, na makala zake husomwa bila malipo. Jarida la Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, limewaachia wazi wasomaji wa fasihi na lugha yetu kurasa zake zote. Kuna na majarida mengine yaliyohamisha malipo kutoka mlango wa msomaji hadi mlango wa mwandishi, wakamtoza maelfu ya dola ndipo makala yake iachwe wazi. Huo si wakfu. Mtafiti wa kisiwani anayeshindwa kununua makala moja atawezaje kulipia kuichapisha ya kwake?

Imebaki maktaba ya chuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha mwaka 2001. Kwa bahati njema, miaka hiyohiyo ilianza mipango ya kimataifa ya kuwafungulia majarida wasomi wa nchi maskini: HINARI mwaka 2002 kwa tiba, AGORA mwaka 2003 kwa kilimo. Faida yake ni kubwa, na mkutubi anayeijua ni hazina kuliko rafu kumi za vitabu. Lakini tusiite haki kile kilicho hisani. Milango hiyo hufunguliwa kwa taasisi, kwa kipimo cha umaskini wa nchi. Nchi ikipanda daraja, masharti hubadilika. Na mwanafunzi akishahitimu, neno lake la siri hufa, akarudi kijijini akiwa nje kama mama yake.

Wapo waliochoka kungoja. Mwaka 2011 Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan alianzisha Sci-Hub, mtandao unaotoa makala bila ya ruhusa ya wachapishaji, na mwaka 2017 mahakama ya Marekani ikaamuru shirika la Elsevier lilipwe fidia ya dola milioni 15. Sitamhukumu mwanafunzi aliyepita njia hiyo usiku wa kuamkia mtihani. Ila najua kwamba kilichopatikana kwa dirishani hakina msimamizi; hukidai kesho kikitoweka, na mwalimu haoni raha kukitangaza darasani.

Iliyo bora ni kuanzia kwenye amana. Mtafiti aliyepokea neno la watu alichukua amana yao, na amana hurejeshwa. Majarida mengi humruhusu mwandishi kuweka nakala ya mswada wake katika hazina ya chuo chake. Asipofanya hivyo, huo ni uzembe wake. Akiandikiwa barua na mwanafunzi, amjibu. Akiweza, aje na nakala hadi Paje, aisome kwa Kiswahili mbele ya waliomkirimu. Maktaba nayo imkaribishe mkulima wa mwani na mshairi wa barazani, ijapokuwa hawana kitambulisho cha chuo. Nasi tulio na ruhusa ya kuingia tuitumie, tusome hadi nukta ya mwisho kabla ya kunena.

Siku hiyo mama atasomewa na binti yake yale aliyoyasema mchangani. Pengine atatikisa kichwa na kusema, “Sivyo nilivyosema.” Na hapo ndipo majibizano yatakapoanza.