Kaa Wawili Angani

Ukimwambia mtaalamu wa nyota kwamba umeona picha ya Nebula ya Kaa, anaweza kukuuliza: ipi? Maana ziko mbili. Nebula ni wingu la gesi na vumbi huko kwenye nyota. Moja iko kwenye kundinyota la Ng'ombe. Nyingine, Kaa wa Kusini, iko kwenye Kantarusi. Majina yanakaribiana, historia hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni mabaki ya nyota iliyolipuka. Wachina waliandika habari zake mwaka 1054, ikaonekana mchana kweupe kwa siku 23. Ya pili imetokana na nyota mbili zinazozungukana, moja nyekundu iliyozeeka ikimwaga gesi, nyingine ndogo nyeupe.

Basi jina lilitoka wapi? Kwa mtazamaji. Miaka ya 1840 William Parsons, kule Ireland, aliichora ile ya kwanza, mchoro ukafanana na kaa. Baadaye akaitazama kwa darubini kubwa zaidi, asione tena mfano ule. Lakini jina lilikuwa limeshashika.

Ndiyo nauliza: tukijua jina la mtu, tumemjua?

Hapa kambini swali hili si la mchezo. Kwenye kikundi cha vijana ninachokisimamia wapo wenye majina mawili yanayofanana yote. Sisi tunawatenganisha: yule fundi baiskeli, yule wa karibu na bomba la maji. Lakini jina likibandikwa ubaoni kwa ajili ya mahojiano, anaweza kwenda asiyeitwa, na aliyeitwa akabaki nyumbani. Na yako majina tunayopewa na wanaotuona kwa mbali: mkimbizi, mnufaika, wale wa Kongo.

Wengine watasema dawa ni namba. Nakubali, ila nusu. Charles Messier, Mfaransa wa karne ya 18, aliorodhesha mawingu hayo kwa namba. Kaa wa kwanza ni namba 1. Namba inasaidia mgao wako usimwendee mwingine, na hiyo ni haki. Lakini namba nayo huandikwa na mtu anayetazama. Namba 76 ya Messier ni nebula moja. Orodha kubwa ya mwaka 1888 ikaipa namba mbili, 650 na 651, kwa kudhani ni mbili zimegusana. Mpaka leo inazibeba zote mbili.

Kumbe jina halitoshi, namba haitoshi. Wataalamu huuliza pia: iko wapi, na ilitokeaje? Najua jamani, sisi tumechoka kuulizwa. Ila kuna kuulizwa ili fomu ijae, na kuna kuulizwa ili usichanganywe na mwenzako. Hayo ni mambo mawili, na anayeulizwa huyatambua mara moja.

Nebula ikikosewa jina haipungukiwi kitu. Mtu akikosewa, watoto wanaweza kulala njaa. Kama watu wanajisumbua hivyo kwa ajili ya wingu lisiloweza kulalamika, basi ndugu mfanyakazi wa shirika, na sisi majirani pia, tunadaiwa zaidi. Kabla hujafunga faili, mwangalie aliyekaa mbele yako, umuulize swali moja zaidi.