Je, Kumkandamiza Kifua Aliyezama ni Kushindana na Kadari?

Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake: mtu hutolewa baharini hana pumzi wala moyo haupigi. Waliomzunguka husema ajali yake imefika, wakamfunika nguo. Mmoja akitaka kumkandamiza kifua, huambiwa kwamba ashindana na kadari na avunja heshima ya maiti. Je, maneno haya ni sawa?

Jawabu: kwanza ifahamike kazi ya mikono ile. Uhai wa mwili hutegemea damu ichukuayo hewa. Ibn an-Nafis, tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1288, alibainisha kwamba damu hupita mapafuni ikitoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili. Damu ikisimama, ubongo huanza kuharibika kwa muda wa dakika 4 hivi. Basi kidari kikikandamizwa katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, moyo hukamuliwa na damu ikaenda. Kifua kikiachwa kuinuka, moyo hujaa tena. Ilimu hii Kouwenhoven na wenziwe wa Baltimore, Marekani, waliitangaza mwaka 1960. Na pumzi itokayo kinywani mwa mtu ingali na oksijeni kadiri ya sehemu 16 katika 100, nayo yamfaa asiyepumua. Aliyezama amekosa hewa kwanza. Kwa hiyo hupewa pumzi kwanza, kisha hukandamizwa mara 30 kwa kila pumzi 2.

Kwa hivyo mikono hairudishi roho. Yazuia uharibifu mpaka moyo uamke au tabibu afike. Ajali ni siri ya Mola, na anayeharakisha kufunika nguo ndiye ajidaiye kuijua. Lau kadari ingekuwa hoja ya kukaa, hata kumvuta majini kusingefaa. Ama mbavu, huenda zikavunjika kweli. Lakini mbavu huunga, na ubongo uliokufa hauungi. Heshima ya maiti yamhusu aliyethibitika kufa, si ambaye kufa kwake ni dhana tu.

Akiinuka, shukrani ni za Mola. Akifa, Mola amehukumu, na mwenye kujitahidi hana lawama. Lawama ni ya ajuaye, kisha akasimama kutazama hata dakika zile zikapita.

Wallahu aalam.