Kila Farasi na Harufu Yake



Farasi wakikutana hunusana puani kwanza. Hata wakilala banda moja na kula nyasi zilezile, kila mmoja ana harufu yake, ya jasho, mafuta ya ngozi na vijidudu vinavyoishi juu yake. Farasi jike humjua mtoto wake hivyo.

Yakobo alivaa nguo za Esau, Isaka akazinusa, akambariki (Mwanzo 27). Mzee wa watu!

Nami seminarini nilisali muda mrefu kwa maneno ya mwenzangu mmoja, mpaka kikohozi chake nikakiiga. Yule nilijua Mungu anampenda. Mimi sikuwa na hakika.

Ila pale Yaboki, Yakobo aliulizwa jina, na safari hii akataja lake. Akabarikiwa. Jana usiku kanisani nami nilitaja langu, basi.