Nembo ni ya Nani?

Kabla ya kuwa alama ya kampuni, nembo ilikuwa chale: alama iliyochanjwa mwilini, ikamtambulisha mtu kwa watu wake. Hata leo Dodoma utakutana na bibi mwenye duara dogo katika paji la uso.

Nililisahau hilo nilipoombwa kubuni nembo mpya ya ukumbi mdogo wa ngoma, nje kidogo ya mji. Nilichora zeze. Mkono ulikwenda huko wenyewe: Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliyafikisha zeze na ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya, na tangu hapo anayetaka kitu cha Kigogo huletewa nyuzi. Nikaongeza mbuyu na rangi ya udongo mwekundu. Kamati ikapiga makofi.

Jioni nikawaonyesha kina mama wa muheme, waliokuwa wakipumzika baada ya mazoezi. Mmoja akaishika simu yangu, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, sisi tuko wapi hapa?"

Nikaahidi haraka: nitachora ngoma zao, zile wanazozibana mapajani na kuzipiga kwa mikono. Akatikisa kichwa.

"Hii tunampigia mwali. Ukishaichora, nani atazuia isibandikwe kwenye chupa ya bia?"

Sikuwa na jibu. Kuwaacha nje ni kuwafuta. Kuwatia ndani ni kuwachukua.

Wapo watakaosema ngoma isiyoonekana hufa. Kuna ukweli humo: muheme hupigwa jukwaani mbele ya wageni, na kina mama wenyewe hufurahia kutazamwa. Lakini jukwaani wao ndio huamua waanze lini na waache nini, na wakichoka hunyanyuka na ngoma zao. Mchoro haunyanyuki. Hubaki kwa mwenye faili.

Basi swali la mbunifu si kama mchoro unafanana tu, bali ni nani ana uwezo wa kuukataa. Nikaomba kina mama wapewe kura, na mkataba useme nembo haitauzwa wala kukodishwa bila ridhaa yao. Kamati ikaguna. Kazi ya wiki mbili sasa ina mwezi wa tatu, na bango la zamani bado liko mlangoni, limepauka.

Waliomchanja yule bibi walibaki kijijini, wakaishi na uso wake. Mimi ningelipwa, nikapanda basi. Heri bango liendelee kupauka.