Ncha au Ubavu

Adi bin Hatim alikuwa mwindaji, na maswali yake kwa Mtume (s.a.w.) ni ya mtu anayerudi porini kesho yake. Mojawapo lilihusu fimbo ya kurusha, mfano wa mshale usio na manyoya. Jibu alilopewa limo katika Bukhari na Muslim: ikimpiga mnyama kwa ncha ikamtoboa, aliwe, ikimpiga kwa ubavu akafa, huyo amekufa kwa kipigo, asiliwe. Niliisoma hadithi hiyo chuoni Kilwa Kivinje nikiwa mtoto, ila iliniingia baadaye, nikiwa mfuatilia nyayo katika vitalu vya uwindaji vya Liwale, nilipoona karatasi ya shabaha.

Mgeni mmoja alikuja na raifo ya zamani ya milimita 6 na boksi la risasi mpya za shaba tupu. Kambini kila mgeni hujaribu bunduki yake kwanza kabla ya kuingia porini. Matundu ya huyu hayakuwa ya duara. Moja lilikuwa refu kama tundu la ufunguo, na ukilisogeza machoni uliona umbo zima la risasi limejichora pale: ncha upande huu, kitako upande ule. Mwindaji bingwa hakusema kitu. Alichukua ufito wa kusafishia, akaufunga kitambaa mbele, akautia alama kwa kalamu na kuusukuma taratibu ndani ya mtutu, akitazama alama inavyozunguka. Iliporudi juu akapima: mzunguko mmoja, inchi 12.

Ndani ya mtutu wa raifo mna michirizi iliyopinda kama ya skrubu. Ndiyo inayoikamata risasi na kuitoa ikizunguka, na kule kuzunguka ndiko kunakoizuia isipinduke hewani. Kwa inchi 12 na mwendo wa mita 800 kwa sekunde, risasi inazunguka zaidi ya mara 2,600 katika sekunde moja. Kwa risasi fupi hiyo inatosha na kubaki. Kwa ndefu ni kidogo. Na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo uzito ukitakiwa uwe uleule, urefu lazima uongezeke. Mwaka 1879 Mwingereza Alfred George Greenhill, aliyefundisha hesabu maofisa wa mizinga pale Woolwich, alitoa kanuni ambayo mafundi wa bunduki hawajaitupa mpaka leo: 150 mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa urefu, vyote kwa inchi, na jibu ni inchi ambazo mtutu unapaswa kumaliza mzunguko mmoja. Risasi za mgeni wetu zilizidi inchi moja kwa urefu, na jibu lake halifiki 9. Mtutu ulikuwa wa 12.

Nikamwambia mwenzangu, Mmwera wa Ndanda, Mkatoliki, kwamba kwa bunduki ile nyama ningeila kwa mashaka. Akacheka. “Kwani Mungu anapima inchi, mzee? Si umeshasema Bismillah?”

Swali lake si la kuchezewa. Nia ni yangu, Bismillah ni yangu, lakini aliyeamua risasi iingie kwa ncha au kwa ubavu ni fundi wa kiwandani nisiyemjua dini yake. Je, halali yangu iko mkononi mwake? Nimelizungusha sana hili, na ninavyoona mimi, sheria iliiweka hukumu kwenye jeraha kwa sababu nia ni rahisi kuisingizia. Kila mwindaji atakuapia kwamba alikusudia vizuri. Tundu halina haja ya kuapa. Tena mwenye nia ya kweli huitazama karatasi kabla hajamtazama swala.

Wanazuoni wenyewe hawakukubaliana. Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, aliona mnyama wa bunduki ni halali kwa kuwa risasi inatoboa. Ibn Abidin wa Dameski, aliyefariki miaka miwili baadaye, alikataa: risasi haina makali, inaua kwa kuunguza na kwa kishindo. Sisi Mashafi tumelelewa na Minhaj ya Nawawi, nayo inataka chombo chenye makali, si kizito cha kuponda. Lakini bunduki nyingi za zama zile zilikuwa na mitutu laini na risasi za duara, na duara halina ncha. Risasi ndefu inayosokotwa na mtutu ikaja na ncha mbele ni suala jipya, na hapa naegemea kwa Shawkani.

Naegemea, ila kisu siachi. Mzunguko unaitunza risasi hewani tu. Nyama ni nzito kuliko hewa kwa mara mamia, na humo ndani mzunguko peke yake hauwezi kuishika. Kinachoiongoza zaidi ni umbo la kichwa chake. Tumewahi kumchuna nyati tukaikuta risasi imelala kitako mbele karibu na mfupa wa bega, na tundu la ngozi lilikuwa la duara safi. Maalim wangu alisema tuhukumu kwa lilipoingilia. Nilikubali, lakini yule nyati nilikuwa nimemwahi kwa kisu bado anapumua.

Kijijini kuna magobore yanayoshindiliwa vipande vya nondo. Mtutu hauna mchirizi hata mmoja, na kipande chenyewe hakina ncha wala ubavu. Hapo sina mjadala. Kama hakuchinjwa simli, hata jirani akiniletea sahani mpaka barazani.