Je, Mchoro Wasema Peke Yake?

Wako watu wasemao ya kuwa picha haihitaji mkalimani, maana kila mwenye macho huisoma. Sisi twaona sivyo, na shahidi wetu ni milango ya nakshi, kazi iliyoenea Unguja na pwani, ikafika hata Tabora kwa njia ya misafara. Katika tembe la Kwihara, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, nakshi ya namna hiyo huonekana hata leo.

Utazameni mnyororo uchongwao katika miimo ya milango mingi ya namna hii. Mmoja asema ni alama ya ulinzi, wafunga shari isiingie nyumbani. Mwingine asema ni alama ya kuwa mwenye nyumba alimiliki watumwa. Fundi amekwisha kufa, na mti haujibu.

Basi kosa ni la nani? Wengine watamlaumu mtazamaji, kwamba hajui desturi. Lakini ikumbukeni njia yenyewe. Kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo wako waliopita wamefungwa minyororo shingoni, na katika Tanganyika utumwa haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922. Mjukuu wa mtu aliyefungwa, auonapo mnyororo mlangoni, humkumbuka babu yake, hata kama fundi alikusudia ulinzi. Hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba uchungu wake ni ujinga. Wala yeye hana ruhusa ya kumshitaki mwenye nyumba kwa mchoro peke yake, asije akamhukumu asiye na hatia.

Wenye kutengeneza kanga walilitambua jambo hili, wakatia maneno pamoja na picha, nayo huitwa jina la kanga. Kweli, majirani hugombana bado, fulani amesemwa au hakusemwa; lakini angalau maneno yenyewe hawayagombanii.

Mji wa Tabora una mtaa uitwao Ng'ambo, yaani upande wa pili. Aliye upande huu akimnyoshea mkono tu mwenziwe wa upande ule, hajulikani kama amwita au amfukuza. Hapana budi apaze sauti.

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Achoraye na aseme nia yake angali hai. Atazamaye na aulize kabla ya kuhukumu. Nasi walimu tuwaendee wazee, tuandike wanayoyajua juu ya nakshi hizi, maana mti hudumu kuliko ulimi.