Kijiti Kinapotolewa Kwenye Picha

Ukifungua ripoti ya uchimbaji wa kiakiolojia, utakuta karibu kila picha ina kijiti. Kimepakwa rangi mbili zinazopishana, nyeusi na nyeupe au nyekundu na nyeupe, na kimelazwa kando ya ukuta, kaburi au rundo la vigae. Kazi yake ni kukuonyesha ukubwa wa kitu. Mara nyingi pembeni yake kuna mshale mdogo unaoelekea kaskazini. Hakuna anayedai kwamba kijiti kinapendeza. Kipo ili wewe ambaye hukuwapo uweze kumkagua aliyekuwapo.

Sasa mchukue mwanaakiolojia huyohuyo, mwenye jicho lilelile na kamera ileile, umwambie kwamba leo hapigi picha za ripoti, anapiga picha za sanaa. Jambo la kwanza atakalofanya ni kukitoa kijiti. Atasubiri jua lishuke, atapiga magoti, na ukuta uliokuwa na urefu wa mita moja na nusu utajaza mbingu yote. Swali linalonisumbua ni hili: anapokitoa kijiti, anatoa na nini kingine? Deni la ukweli alilokuwa nalo asubuhi linafutika jioni kwa sababu tu kazi imebadilika jina?

Hapa Afrika Mashariki watu wamewahi kuuvuka mpaka huo kwa njia mbalimbali. Mary Leakey alianza kama mchoraji. Vielelezo vyake vya zana za mawe ndivyo vilivyomkutanisha na Louis Leakey, aliyehitaji mtu wa kumchorea kitabu chake. Miaka mingi ya kuchimba ikafuata. Lakini mwaka 1951 aliweka sururu kando, akaenda Kondoa kunakili michoro ya miambani: watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, pofu, wapiga filimbi. Kazi hiyo ilikuja kuwa kitabu mwaka 1983, na jina lake la Kiingereza linaizungumzia kama sanaa inayotoweka. Mwaka 1996, mpiga picha David Coulson alianzisha jijini Nairobi taasisi ya kuhifadhi kumbukumbu za sanaa ya miambani ya Afrika, TARA. Yeye na Alec Campbell, mtu wa akiolojia na makumbusho kutoka Botswana, walitoa kitabu kikubwa cha picha mwaka 2001. Picha zipatazo 25,000 za taasisi hiyo zimeingizwa katika kumbukumbu za kidijitali za British Museum. Kwa hiyo kijana wa Kondoa mwenye intaneti anaweza kuona mwamba wa Sahara bila kutoka kijijini kwake, na mtu wa London anaweza kuuona mwamba wa Kondoa.

Kabla ya kumhukumu msanii, lakini, tumtazame vizuri mwanaakiolojia. Tumezoea kumwona kama mtunzaji na mwenye kamera ya sanaa kama mpambaji. Ukweli ni kwamba kuchimba ni kuharibu. Tabaka la udongo likishaondolewa halirudishiki, na kinachobaki ni daftari, michoro, vitu vilivyofungwa kwenye mifuko, na picha zenye vijiti. Mpiga picha wa sanaa anaondoka na kuacha nyayo tu. Naelewa kwa nini mtu aliyefukua kwa miaka ishirini anaweza siku moja kutamani kutazama bila kugusa.

Kijiti chenyewe nacho si kitakatifu. Zama za ukoloni, watu wa bara hili walisimamishwa kando ya vipimo vya namna hiyohiyo, wakapigwa picha mbele na ubavuni kama vielelezo vya kabila. Picha zile zilikuwa na vipimo sahihi kabisa, na bado zilikuwa dhuluma. Usahihi unalipa deni la mtazamaji. Yule anayetazamwa naye ana deni lake, na hilo kijiti hakiwezi kulilipa.

Madeni haya mawili niliyaona wazi Ras Kisimani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, ng'ambo ya delta ya Rufiji. Jina linatokana na kisima. Palikuwa na mji hapa zama za kustawi kwa Kilwa, na habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba sultani alimtuma mwanawe kuitawala Mafia. Neville Chittick, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale Tanganyika, alichimba hapa, na ripoti yake ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Ndani yake kuna kuta, vyungu na sarafu. Sehemu kubwa ya mji bahari ilikwisha kuichukua.

Anayefika leo akitarajia magofu kama ya Kilwa Kisiwani atasikitika. Kuna mchanga mweupe, minazi, mawe ya matumbawe yaliyoshikamana na chokaa, na vigae vinavyosombwa na maji. Lakini kwa kamera ni peponi. Minazi iliyoangukia baharini imelala na mizizi yake juu, na jua la jioni linapita katikati ya mizizi. Nilipiga picha nyingi za mnazi mmoja wa namna hiyo.

Nahodha aliyenileta, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashua akinitazama. Aliniuliza, "Mwanangu, huo mnazi una nini?"

Nikamjibu, "Umependeza, mzee."

Akacheka kidogo. "Huo ulikuwa wa nne kutoka majini wakati mimi kijana. Watatu walitangulia."

Kwangu mnazi ule ulikuwa umbo, na kwake ulikuwa kijiti. Watu wa pale hawahitaji ufito wenye rangi mbili kujua bahari imekula kiasi gani, kwa sababu wanaihesabu minazi. Kila mnazi ulioanguka ni alama kwenye rula yao, na rula hiyo inapima kitu ambacho ufito wangu usingekipima: miaka ya mtu mmoja aliyekaa hapo akiona nchi ikipungua. Waswahili wanasema nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Picha yangu ilikuwa imeiona nyumba vizuri sana, ikauona mlango na rangi ya ukuta, lakini ni nahodha aliyelala ndani.

Uzuri wa magofu una tabia moja ambayo inanipa shaka. Unataka umbali. Anayeweza kuutazama ukuta unaoporomoka na kupata utulivu ni yule ambaye hajapoteza kitu pale. Mkulima ambaye minazi yake inaondoka hauoni utulivu huo, na si kwa sababu hana jicho la sanaa. Kwa hiyo picha nzuri ya Ras Kisimani, ikining'inizwa ukutani katika mji wa mbali, inaweza kumfundisha mtazamaji kuuridhia uharibifu. Atasema "inahuzunisha, lakini inapendeza," kisha ataendelea na kinywaji chake. Hapo ndipo hatari ilipo. Picha haikusema uongo wowote, lakini imeyageuza maangamizi kuwa pambo.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kurudisha kijiti na kuachana na sanaa. Sikubaliani nao. Picha ya ripoti inasomwa na watu wachache waliokwisha kushawishika, lakini picha nzuri inafika kwa mtu ambaye hakujua kwamba Mafia ilikuwa na mji. Isitoshe, kuchezea sura ya kitu si lazima iwe hadaa. Watafiti wa michoro ya miambani hutumia programu ya DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman, inayobadilisha rangi za picha mpaka mwamba unakuwa wa zambarau na mchoro uliofifia unaibuka. Rangi zile si za kweli hata kidogo, na hakuna anayedanganyika, kwa sababu mbinu imetajwa. Linganisha na wageni ambao tangu zamani wamekuwa wakiimwagia michoro maji ili rangi zing'ae mbele ya kamera. Picha zao zinaonekana za asili kabisa, na mwamba ndio unaoumia. Tofauti ya wawili hawa haiko katika uzuri. Mmoja amesema alichofanya, mwingine amekificha.

Kuna pia mahali ambapo hata ukweli wote hautoshi. Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na miongoni mwa mapango yake Mungumi wa Kolo ni mahali ambapo watu bado wanafanya matambiko ya mvua na uganga. Ni mahali hapohapo ambapo wengine wamefukua sakafu wakitafuta hazina inayosemekana kufichwa na Wajerumani. Ukipiga picha pango kama hilo, ukaweka kipimo, mshale wa kaskazini na majira ya nukta, umemridhisha msomaji wa ripoti na umemwelekeza mwenye sururu. Wakati mwingine uaminifu kwa mahali unakutaka uache kuonyesha, na mwenye kuamua hilo asiwe mpiga picha peke yake.

Mafia husimuliwa hadithi ya fundi aliyemjengea sultani wa Kisimani jumba zuri kiasi kwamba sultani aliamuru akatwe mkono, asije akalijenga jingine mfano wake. Naikumbuka kila ninapofikiria picha, kwa sababu sultani yule aliogopa nakala. Alitaka uzuri uwe wake peke yake na kwa hiyo akamlipa fundi kwa kumdhulumu. Leo jumba halipo, mkono haupo, nakala haipo. Sisi tuna tatizo lililo kinyume na lake: nakala ni nyingi kuliko mawe yaliyobaki. Lakini swali la fundi halijabadilika. Nani alilipwa kwa uzuri huu, na nani aligharamika?

Jibu langu kwa sasa ni hili. Mwanaakiolojia anayegeuka msanii ana ruhusa ya kukitoa kijiti, kwa sharti kwamba atafute kipimo kingine ambacho mahali penyewe panacho, akiandike. Maelezo chini ya picha hayaharibu sanaa. Tarehe, jina la mahali pale wenyeji wanaporidhia litajwe, kilichoachwa nje ya fremu, na neno la mtu anayepajua. Picha ya mnazi ule sijaibadilisha chochote. Mwanga ni uleule na mizizi ni ileile. Chini yake nimeandika, kwa ridhaa ya aliyesema na bila jina lake kama alivyotaka: Ras Kisimani, mnazi wa nne kutoka majini.

Mwenzangu mmoja darasani alisema maneno hayo yanaiharibu picha, kwamba mtazamaji hawezi tena kuufurahia mnazi kwa raha kwa sababu anaanza kuhesabu. Nadhani amesoma vizuri. Kuhesabu ndiko ninakokutaka, na mnazi bado unapendeza.